Tulikula Hadi Sète

Troyes, Jumamosi, 3 Julai 1976

Mama mpendwa,

Tumefika Troyes salama. Gari halikutusumbua, ila joto limetufuata tangu mlangoni kwako. Ngano imekaukia mashambani kabla ya wakati wake na watu hotelini wanaambiwa wasioge mara mbili. Mjukuu wako Sabine anafurahi sana kusikia hivyo.

Ulitaka nikuandikie kila tunachokula, maana mwanao Raoul kushika kalamu ni mpaka aombwe na polisi. Basi sikiliza. Jana mchana Reims tulikula paja la nguruwe baridi na zile biskuti za waridi wanazochovya kwenye mvinyo. Leo hapa ni soseji ya utumbo, ya kukaanga, na haradali pembeni. Harufu yake unaijua. Mama mmoja meza ya pili alimwomba mhudumu afungue dirisha, na Sabine alikula viazi peke yake huku ameziba pua. Raoul alikula soseji mbili.

Nikamuuliza, "Zikoje?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi? Tukizipika Arras watu watakula?"

"Nzuri kama za Troyes," akasema, akamwomba mhudumu maji.

Mama, huyu ndiye mtu aliyerudisha mchuzi jikoni mara tatu siku ya pili ya ndoa yetu, mpaka mpishi wa Dieppe akatoka na mwiko mkononi akitaka wapigane. Ulisema tuzunguke nchi tule, achague vyakula vipya kabla hujamwachia mkahawa mwezi wa Septemba. Mimi naona anakula kama mtu aliyetumwa na mwingine.

Nina jambo jingine. Sikupanga kukuandikia, lakini karatasi haina macho ya kunitazama. Tangu Machi Raoul alikuwa anakwenda Lille kila Alhamisi mchana. Alisema anafuata sufuria. Sijaona sufuria. Nyumbani hanisemeshi, na nikimpikia haulizi nimepika nini. Wewe ni mama yake. Kama kuna mwanamke, niambie tu. Sitapiga kelele.

Tutakuwa Lyon tarehe nane. Niandikie kwa posta kuu, nitaichukua dirishani.

Wako,
Josiane


Arras, Jumanne, 6 Julai 1976

Mwanangu Josiane,

Huku sote wazima. Gilberte anahudumia meza zote kumi na nne peke yake na analalamika kwa meza ishirini. Mimi nimerudi jikoni, miaka yangu sabini na nne na goti langu moja. Jumapili nilipika nyama ya ng'ombe kwa bia, yule mwalimu mstaafu wa dirishani akaomba ya pili, kisha akasema imekuwa kama ya zamani. Sikumuuliza ana maana gani.

Hayo ya Lille yaache. Mwanaume akifika miaka arobaini na sita ana mambo yake. Baba yake alipofika umri huo alinunua baiskeli ya mashindano na kofia yake, akaendesha wiki mbili, ikaishia kuning'inia ghalani. Yatapita. Usimchimbe.

Wewe mlishe. Mpe vitu vyenye nguvu, si hivi vya watoto wachanga. Mkipita Dijon mpe haradali mpya, kijiko kizima. Mpe siki, mpe jibini iliyokaa mpaka inatembea yenyewe. Halafu niandikie uso wake ulikuwaje. Usiniandikie alichosema. Niandikie uso.

Mbusu Sabine.

Mama yenu,
Philomène Caudron


Lyon, Ijumaa, 9 Julai 1976

Mama mpendwa,

Barua yako nimeipata. Sijui kwa nini unataka uso, lakini nitakupa.

Dijon tuliingia kwa muuza haradali anayesagia hapo hapo dukani. Raoul alichota kijiko kizima kama ulivyoagiza. Machozi yakamtoka, akapiga kaunta kwa kiganja, akacheka. Mama, alicheka! Akachota kingine. Muuzaji akamwambia, "Taratibu bwana, hiyo si uji." Akachota cha tatu. Sabine naye akacheka mpaka kwikwi zikamshika. Ndiyo furaha pekee niliyoiona tangu tutoke.

Beaune tulikula konokono kwa siagi na vitunguu saumu. Sabine alikula kumi na mmoja, akayapanga makombe yake kama askari. Raoul alikula dazeni na kusema ni laini. Nikamwambia kila konokono ni laini, mimi nauliza siagi. Akasema, "Siagi ni ya moto."

Sasa ya jana. Tulikwenda kwa Madame Bouvard, huko mlimani Croix-Rousse, meza sita tu na kuta nyeusi kwa moshi. Tuliagiza matonge ya samaki katika mchuzi wa kamba. Mimi niliweka kijiko kinywani nikakitoa. Sabine akasema, "Mama, hii ni bahari." Kabla sijamwita mhudumu, mlango wa jikoni ukafunguka na Madame Bouvard mwenyewe akatoka mbio, taulo begani.

"Mungu wangu, msile! Yule mjinga wangu katia chumvi, na mimi nikatia juu yake!"

Akaifikia sahani ya Raoul. Ilikuwa tupu. Alikuwa ameifuta kwa mkate.

"Wewe bwana, umeila yote?"

"Ilikuwa nzuri," Raoul akasema.

"Nzuri? Mimi nimeonja kwa ncha ya ulimi, nimekunywa jagi zima! Kwani wewe kazi yako nini?"

"Baba ni mpishi," Sabine akajibu kabla yake. "Mpishi wa Arras."

Basi mkahawa mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja akapaza sauti, "Kumbe Arras mmepata bahari! Hongereni!" Raoul akacheka nao, ila masikio yalikuwa mekundu hadi shingoni.

Njiani kurudi kwenye gari nilimuuliza kwa nini. Akasema hakutaka kumwaibisha mwenye nyumba. Nikamwambia, wewe? Akageuka akaanza kumwonyesha Sabine mto.

Nilingoja hasira zije, hazikuja. Kuna mahali ndani yangu pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Nakula, nalala, nafunga mizigo. Nakuandikia kwa sababu uliniomba.

Kesho tunateremka kusini. Tarehe kumi na tatu tutakuwa Sète. Niandikie huko.

Josiane


Arras, Jumatatu, 12 Julai 1976

Mwanangu,

Haradali! Nimesoma mahali hapo mara tatu, mara ya mwisho nikamsomea Gilberte. Yeye anadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Vijiko vitatu, na machozi. Mpe tena. Nunua mtungi, uweke mezani kila mlo.

Ya Lyon usimseme tena. Amechoka. Mtu aliyesimama jikoni miaka thelathini ana haki ya kula kitu kibaya na kunyamaza.

Jambo moja. Huko Sète mtakuta chaza kila kona, wanawatoa kwenye ziwa la Thau pale pale. Mwaka huu joto limezidi na si kila muuzaji ana barafu. Ingekuwa mimi, nisingekula. Mkila, kaeni penye watu wengi, na kila chaza wa mtoto umnuse wewe kwanza. Wewe, Josiane. Usimwachie Raoul. Mtu akiwa likizo huwa mzembe.

Najua utasema mama mkwe amezidi kuagiza. Sema, lakini nusa.

Philomène


Sète, Jumatatu, 19 Julai 1976

Mama,

Barua yako nimeipata tarehe kumi na tano. Ingefika siku moja kabla, lakini posta ilifungwa kwa sikukuu.

Tutakaa hapa siku kadhaa zaidi ya tulivyopanga. Sabine tumbo lilimsumbua kidogo, sasa anapumzika. Hoteli ina feni. Tumekula supu na mkate.

Castelnaudary hatutakwenda, kwa hiyo yale maharage yao na bata sitaweza kukuandikia.

Raoul anakusalimu.

Josiane


Sète, Alhamisi, 22 Julai 1976

Bibi mpendwa,

Nakuandikia kwa penseli kwa sababu nesi Lucette anasema wino utachafua shuka. Yeye ndiye kanipa stempu. Mama amekwenda kununua nguo za kulalia, usimwambie kwamba nimekuandikia.

Niko hospitali tangu Alhamisi iliyopita usiku. Sasa najisikia vizuri, ila miguu inatetemeka nikienda chooni. Nilikuwa na maji ya mshipa siku nne, mkono huu wa kushoto, na daktari alisema figo zangu zilitaka kulala. Mimi sikujua figo zinalala. Nilikuwa naota tu, nikimwona Gilberte anaogelea.

Ilikuwa hivi. Baba alinunua kapu la chaza kwa mtu mwenye masharubu kandokando ya barabara. Tukaliweka nyuma ya gari, tukaenda kuangalia mazoezi ya watu wanaosukumana kwa mikuki juu ya mashua mpaka mmoja anaanguka majini. Tulikaa muda mrefu kwa sababu mmoja alikuwa mnene kuliko mchinja nyama wetu na haanguki. Halafu Mama akasema anapita posta kuchukua barua yako, tutangulie ziwani. Baba akafungua chaza kwa kile kisu chake kifupi. Mimi nikasema, "Baba, huyu ananuka." Akamweka puani akasema, "Chaza wananuka bahari, Sabine. Ndivyo walivyo." Nikala saba. Sikuwapenda lakini nilitaka awe na furaha kama Dijon. Yeye alikula wengi. Mama alipofika alinusa kombe moja lililobaki, akalitupa, akamwangalia Baba.

Baba naye alitapika, lakini aliacha. Mimi sikuacha.

Sasa Baba haketi humu ndani. Anakaa kwenye benchi la korido. Nikimwita anakuja, anasimama mlangoni, ananiuliza kama nataka maji. Bibi, je, amenikasirikia? Uniandikie wewe, yeye hasemi.

Mjukuu wako,
Sabine

Sasa kabla ya kula chochote nanusa. Hata mkate. Nesi Lucette anacheka.


Arras, Jumatatu, 26 Julai 1976

Josiane,

Mtoto ameniandikia. Usimgombeze. Mimi nimekaa na barua yake siku mbili, jana sikufungua mkahawa, na Gilberte nimemwambia arudi nyumbani.

Nitakwambia sasa nilichopaswa kukwambia Troyes.

Raoul hana pua. Hana ulimi. Unakumbuka Februari alipoteleza kwenye ngazi za ghala la mvinyo akagonga kisogo, akasema si kitu? Tangu siku hiyo hasikii harufu wala ladha ya chochote. Hakuniambia yeye. Niligundua mwenyewe wiki ya kwanza ya Kwaresima. Niliingia jikoni maziwa yameungua, moshi umejaa, na yeye amekaa pale pale karibu na jiko anasoma gazeti. Aliuona moshi niliposema mimi. Siku ile ile nikaonja supu aliyokuwa amepika. Nikaimwaga nyuma ya nyumba.

Tangu hapo kila akitoka jikoni mimi nilikuwa napita nyuma yake na kijiko. Natia chumvi, napunguza kwa viazi, namwaga, naanza upya. Miezi minne. Yeye hajui. Au anajua na amenyamaza, kama nilivyonyamaza mimi. Alhamisi za Lille ni za daktari. Niliona karatasi mfukoni mwa koti lake nilipolipeleka kufuliwa. Imeandikwa kwamba huenda ikarudi, huenda isirudi.

Uliponiuliza kama kuna mwanamke, nilikuwa na jibu mkononi. Nikakuandikia habari za baiskeli. Niliona afadhali umfikirie mzinzi miezi miwili kuliko kumfikiria mpishi asiye na ulimi. Nilidhani yule mzinzi ungemsamehe. Safari hii niliipanga mimi, nikisema labda chakula cha ugenini kitamwamsha. Na ulipoandika habari za haradali nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Niliandika "nusa wewe". Sikuandika kwa nini. Ningeongeza mstari mmoja tu.

Siombi unisamehe. Naomba uniambie mtoto anakula nini.

Philomène


Sète, Ijumaa, 30 Julai 1976

Mama,

Anakula uji wa wali na karoti zilizochemshwa. Jana alikula nusu ndizi. Daktari anasema figo zimeamka kabisa, lakini tusisafiri naye kwenye joto hili mpaka wiki ya pili ya Agosti.

Barua yako niliisoma kwenye benchi la korido. Raoul alikuwa ameketi pembeni yangu. Nilipomaliza nikampa. Akaisoma polepole, akaurudia ule ukurasa wa kijiko. Hakujua, Mama. Alidhani watu wanarudi kula kwa sababu mikono yake bado inakumbuka.

Nikamwambia, "Ungeniambia."

Akasema, "Ningekwambia nini? Kwamba mimi si mtu tena?"

"Kama ungeniambia, usingempa mtoto chaza."

Akasema kwamba alimnusa yule chaza kwa sababu Sabine alikuwa anamtazama. Kwamba ziwani hakusikia chochote, si uvundo wala bahari, akasema maneno ambayo angeyasema zamani. Njia nzima amekuwa akifanya hivyo. Troyes, Beaune, Lyon, alikuwa anajaribu kukumbuka watu husema nini mezani.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Unaweza kudhani nililia au nilimpiga. Nilikuwa naangalia mtu anasugua sakafu mwisho wa korido. Nilihesabu mara alizokamua kitambaa. Sina hasira naye na sina hasira nawe. Ningependa kuwa nazo, ningejua nianzie wapi. Siku ile nilikuwa nimesimama dirishani posta, barua yako mkononi, bado haijafunguliwa. Niliitia kwenye mkoba niisome baadaye, kwa utulivu, karibu na maji. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho. Halinitii uchungu. Naliona tu.

Juzi nilimwambia Raoul arudi nyumbani na gari. Alisema hawezi kutuacha. Nikamwambia anaweza, maana kwenye benchi lile hakuna anayemsaidia, na wewe una goti moja. Aliingia akamuaga Sabine. Alikaa kitandani, safari hii alikaa. Sabine akamuuliza, "Baba, kweli husikii harufu yoyote? Hata ya soksi zangu?" Akasema hata hizo. Sabine akafikiri, akasema, "Basi pole." Akamwambia amtumie nesi Lucette kadi ya Arras yenye mnara.

Ameondoka leo alfajiri. Atakuwa kwako kesho jioni.

Josiane


Arras, Jumatano, 4 Agosti 1976

Mke wangu Josiane,

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Mimi pia.

Nilifika Jumamosi saa moja jioni. Nilisimama Lyon usiku mmoja lakini sikula kwa mtu, nilinunua mkate na mayai ya kuchemsha nikala ndani ya gari. Mara ya kwanza tangu Februari sikulazimika kusema kitu ni kizuri.

Mama alikuwa amekaa jikoni, taa moja, aproni yake imekunjwa magotini. Amekonda. Hatukusalimiana vizuri. Aliniuliza mtoto ana uzito gani sasa, nikasema sijui, akasema, "Baba gani hajui." Kisha akaleta supu ya dengu akaiweka mbele yangu, akakaa upande wa pili na sahani yake. Nilishika kijiko, sikukitia mdomoni.

Nikasema, "Mama, sisikii ladha yoyote."

Akasema, "Najua."

"Hata hii sitaisikia."

"Najua. Moto wake unausikia?"

"Nausikia."

"Basi kula kabla haijapoa."

Nikala. Yeye naye akala. Kisha tukaosha vyombo.

Jumapili tulifungua. Nilimwambia Gilberte kabla wateja hawajaingia. Alishika kiuno akasema, "Ndiyo maana Aprili ulinisifia manukato yangu na sikuwa nimejipaka!" Akaenda kulia chumba cha mikate, akarudi akapanga meza. Yule mwalimu mstaafu nilimwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele yake na kofia mkononi. Alisema, "Nilidhani ni uzee wangu." Bado anakuja. Wengine wawili hawajaja tena.

Sasa mimi nakata, nakaanga, nachemsha. Mama amekaa kwenye kiti karibu na jiko, namletea kijiko. Akitikisa kichwa namwaga. Hatusemezani sana. Kazi inakwenda. Usiniulize kama nafurahi, maana sijui, ni kama kushika vitu nikiwa nimevaa glavu nene. Lakini sidanganyi mtu. Daktari wa Lille nimemwambia nitarudi Oktoba mara moja tu, kisha basi.

Mama anasema mwezi wa Septemba kwa mthibitishaji wa hati anataka kuandika jina lako badala ya langu. Anasema mkahawa uwe wa mtu mwenye ulimi. Mimi sikatai. Aliniambia nikuulize, yeye anaona aibu kukuandikia.

Wewe sikuombi kitu. Nataka tu kujua treni ni ya lini.

Raoul


Sète, Jumatatu, 9 Agosti 1976

Raoul,

Sabine ametoka hospitali Ijumaa. Ana kilo ishirini na nne, mwambie mama yako. Jana tulikaa mkahawa mmoja mbele ya mfereji, yeye ndiye alichagua. Aliagiza pai ndogo ya pweza ya hapa hapa. Aliinusa, akaigeuza, akanipa nami ninuse, mhudumu amesimama anatungoja na uso wa kutuona wehu. Kisha akaila yote na kusema ni kali na nzuri, tena akaeleza nzuri vipi: nyanya, mafuta, pilipili kidogo, halafu kitu kitamu mwishoni asichokijua. Nilimwacha aseme. Mimi sikuagiza kitu. Nilikula ukoko aliouacha.

Mama mwambie asiandike jina langu. Miezi yote hii mmenipitishia mambo nyuma ya mgongo kama chumvi, na sasa mnataka nikae jikoni niwe ulimi wenu. Sitaki. Aandike jina lako au aandike la kwake mpaka afe. Kama baadaye nitataka kuonja kitu, nitaonja. Nitasema mwenyewe.

Hili silisemi kwa hasira. Nimeliandika mara mbili nione kama litabadilika, halikubadilika.

Tunafika Jumamosi tarehe kumi na nne, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Usitupikie, tutakula njiani. Mama asije, goti lake halitaki ngazi za stesheni. Njoo wewe.

Sijui nitakwambia nini nikishuka. Huenda nisikwambie kitu siku hiyo, wala kesho yake. Usinijazie maneno. Mshike mtoto mkono, mimi nitabeba sanduku dogo, wewe beba kubwa, twende nyumbani.

Josiane